Alama 1130, insha ya umaskini na wakala wa shilingi 60,000

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 18 kutoka kaunti ya Kilifi. Nilifanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mwaka jana katika shule ya kutwa nikapata A-, na hesabu nilipata A. Ningependa kusomea uhandisi Marekani, lakini nyumbani hatuna uwezo. Mama huuza mahamri na viazi karai kando ya barabara nami humsaidia. Wapo wanaoniambia SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, haihitajiki tena, na wapo wanaosema bila 1500 nisijisumbue. Nilifanya mtihani mmoja wa mazoezi kwenye saiba nikapata 1130, yaani hesabu 610 na Kiingereza 520. Sikuelewa kwa nini hesabu ilishuka hivyo. Insha nimeandika kuhusu umaskini wetu, na mwalimu wangu wa zamani amesema niongeze methali na msamiati mzito. Kuna wakala Mombasa anataka shilingi 60,000 ili anifundishe SAT na aniandikie insha, na anasema anajuana na watu wa vyuo. Juu ya hayo, KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo vya Kenya, wamenipangia chuo hapa nchini na sijui kama nikubali. Samahani kwa maneno mengi, nimeandika usiku baada ya kufunga daftari la madeni la mama."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, lakini naona wasiwasi mmoja unaoyabeba yote: una mwaka mmoja wa kujaribu, huna pesa za kupoteza, na kila unayemuuliza anakuonyesha njia yake. Kwa ufupi, nakushauri ujisajili kwa SAT ya Oktoba, uiandike insha yako upya tangu mwanzo, usimlipe wakala huyo hata shilingi moja, na usifanye uamuzi wowote kuhusu nafasi ya KUCCPS kabla ya kuuliza maswali nitakayokutajia huko mbele. Sababu za kila jambo ndizo hizi.

Aliyekuambia kwamba SAT haihitajiki tena hakukudanganya, ila habari yake imepitwa na wakati. Mwaka 2020, korona ilipofunga vituo vya mitihani, vyuo vingi mno vya Marekani viliruhusu waombaji watume maombi bila alama za SAT wala za mtihani mwenzake, ACT. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kurudi huko huko. Columbia, kwa upande wake, ilitangaza mwaka 2023 kwamba kwake itabaki kuwa hiari, na vyuo vya University of California havizitazami alama hizo hata ukizituma. Katikati kuna masharti ya aina aina: Yale, kwa mfano, hukubali matokeo ya mitihani mingine ya kimataifa badala ya SAT, na Dartmouth imewafungulia wanaosoma nje ya Marekani mlango wa kutumia matokeo ya mtihani wa taifa. Kwa hiyo jibu hutegemea orodha yako ya vyuo, na kwa kuwa masharti haya hubadilika, yasome kwenye tovuti ya chuo chenyewe mwezi Agosti, maombi yanapofunguliwa.

Hata hivyo, kwako wewe ningesema ufanye. Afisa wa udahili anayepokea faili kutoka shule ya kutwa ya Kilifi huenda hajawahi kuisikia shule hiyo, na A- ya KCSE hawezi kuipima kwa urahisi kama anavyopima alama za shule za kimataifa za Nairobi ambazo humletea waombaji kila mwaka. SAT humpa kipimo anachokijua. Hili pia ndilo linaloniongoza kwenye ile kauli ya 1500. Ni kweli kwamba wengi wanaokubaliwa katika vyuo vya daraja la Harvard na MIT wana alama zaidi ya 1500 kati ya 1600. Lakini maafisa huisoma alama pamoja na mahali ilikotoka. Dartmouth iliporudisha sharti la mtihani, ilieleza kwamba watafiti wake waligundua waombaji wa familia za kipato cha chini walikuwa wakizificha alama za 1400 na ushei ambazo zingewasaidia, kwa kudhani ni ndogo. Usikatishwe tamaa na namba ya kuambiwa. Lakini nami sitakuficha: mwombaji wa uhandisi mwenye 610 ya hesabu atapata tabu kwenye vyuo hivyo, hata msomaji awe na huruma kiasi gani, na alama hiyo lazima ipande sana.

Sasa hesabu. Mwanafunzi wa A ya KCSE anapataje 610? Jambo hili huwapata wengi, na halina maana kwamba A yako ilikuwa ya bahati. Katika KCSE unapewa alama za njia: ukiandika hatua zako vizuri na jibu la mwisho likateleza, bado mtahini anakupa sehemu ya alama. Umefundishwa miaka minne kuandika kila hatua, kwa utulivu, kwa karatasi na jedwali. SAT haioni njia yako. Inaona jibu tu, na maswali 44 hugawiwa dakika 70, yaani kama sekunde 95 kwa kila swali. Longitudo na latitudo, matriki na kalkulasi ulizozitolea jasho hazimo kabisa. Takriban asilimia 70 ya mtihani ni aljebra, ya kawaida na ya juu, na nyingi ya hiyo imevikwa maelezo ya Kiingereza: kampuni inayokodisha baiskeli, idadi ya bakteria inayoongezeka maradufu, mstari uliochorwa juu ya nukta zilizotawanyika. Ukiongeza lugha ya f(x), ambayo shule zetu huigusa kidogo, utaona kwamba alama nyingi ulizopoteza hukuzipoteza kwa kutojua hesabu.

Kuna kifaa ambacho naamini hukukitumia. Bluebook, programu ya kufanyia mtihani huu, ina kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu, na unaruhusiwa kukitumia kwa kila swali la hesabu. Sisi tuliolelewa na vikokotoo vya kawaida hukiona kama mapambo. Lakini ukiandika milinganyo miwili ndani yake, mistari inachorwa na mahali inapokutana panaonekana. Swali ulilokuwa ulifanye kwa dakika tatu linakwisha kwa sekunde ishirini. Kinapatikana bure kwenye intaneti, hata kwa simu. Jifunze kukitumia kwa wiki mbili za kwanza kabla ya kugusa mada yoyote mpya, na ninatarajia utaona tofauti mapema kuliko unavyodhani.

Jambo la pili ambalo watu hawaelezwi ni namna mtihani wenyewe unavyokupima. Tangu mwaka 2023 kwa sisi tulio nje ya Marekani, SAT hufanywa kwa kompyuta na hubadilika kulingana na mtahiniwa. Kila sehemu ina moduli mbili. Ya kwanza huchanganya maswali mepesi, ya wastani na magumu. Ukifanya vizuri, moduli ya pili inakuja ngumu zaidi na alama za juu kabisa zinabaki wazi kwako. Ukiteleza, inakuja nyepesi, na hata ukiipata yote, alama yako ina dari. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka chumbani akiamini amefaulu sana kwa sababu nusu ya pili ilikuwa rahisi, kumbe urahisi huo ndio habari mbaya. Kwa vitendo maana yake ni kwamba moduli ya kwanza ifanywe kwa uangalifu mkubwa, maswali mepesi na ya wastani yasipotee kwa haraka, na swali linalokukwamisha uliwekee alama, uendelee, kisha ulirudie. Usiache swali bila jibu. Adhabu ya kukosea iliondolewa mwaka 2016, kwa hiyo kubahatisha hakukugharimu kitu, ingawa nawasikia walimu fulani bado wakiwatisha watoto kwa sheria hiyo ya zamani.

Kiingereza, yaani hiyo 520, kina sehemu inayopanda haraka na sehemu inayopanda polepole, na kosa la wengi ni kuanza na hiyo ya polepole. Wanabeba orodha za maneno elfu moja na kuyakariri. Sehemu hii ina maswali 54 kwa dakika 64, kila swali na kifungu chake kifupi cha maneno yasiyozidi 150. Kundi la maswali ya kanuni za uandishi huuliza mambo machache yanayojirudia: koma ikae wapi, nukta-mkato inaunganisha sentensi za namna gani, nukta-pacha inatangulia nini, kitenzi kikubaliane na nomino ipi baada ya maneno mengi kuingia kati. Kanuni hizo zinajifunzika kwa mwezi mmoja, na zikishaingia hazitoki. Maswali ya kuelewa kifungu, hasa yale ya fasihi ya karne ya 19 na ya muhtasari wa utafiti wa sayansi, yanahitaji mazoea ya kusoma kila siku. Soma makala mbili za sayansi kwa Kiingereza kila siku, na baada ya kila moja ujiulize mwandishi anadai nini na ushahidi wake ni upi. Hiyo inatosha. Orodha ya maneno iache.

Vitabu vya kununua huvihitaji. Mazoezi ya Khan Academy, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na College Board wenye mtihani, ni bure na yanafanyika kwa simu. Mitihani kamili imo ndani ya Bluebook, lakini ni michache, na kila mmoja ukishautumia umekwisha. Kwa hiyo usiifanye kila wikendi kama mchezo. Nafanya hesabu ya kwamba una kama wiki kumi na mbili hadi Oktoba. Mtihani kamili mmoja kila baada ya wiki tatu unatosha, na siku mbili zinazofuata ziwe za kupitia makosa. Katika daftari, kwa kila swali ulilokosa, andika sababu kwa maneno yako: sikujua kanuni, nilisoma vibaya, nilikimbizwa na muda, au nilibahatisha. Baada ya mitihani miwili utaona sababu moja imetawala, na hiyo ndiyo ya kushughulikia. Mwanafunzi anayefanya maswali elfu moja bila daftari la namna hiyo hurudia makosa yale yale kwa kasi zaidi.

Mambo ya vifaa usiyachukulie kuwa madogo. Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Unahitaji kompyuta ya mkononi au iPad unayoweza kwenda nayo kituoni, na betri iweze kudumu saa tatu au nne. Anza kuulizia sasa ya kuazima, kwa mwalimu au jamaa, na uiwekee programu mapema. Mtandao ukikatika katikati ya mtihani usishtuke, kwani unahitajika mwanzoni na mwishoni tu. Vituo vya Kenya ni vichache, vingi ni shule za kimataifa, na nafasi hujaa. Anayejisajili mapema huchagua, anayechelewa hujikuta akitafuta nauli ya Nairobi na mahali pa kulala. Ada kwa anayefanya nje ya Marekani inazidi dola 100, na ule msamaha wa ada unaousoma mtandaoni ni wa wanafunzi wa Marekani. Kisha jina: lililo kwenye usajili lilingane na la kitambulisho utakachobeba. Kama cheti kina majina matatu na pasipoti ina mawili, litatue suala hilo sasa kwenye eCitizen, si wiki ya mtihani.

Nimefika kwenye insha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona waombaji wetu wazuri wakijiharibia zaidi.

Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi unavyovifikiria (MIT ina wake), unataka insha moja kuu ya maneno kati ya 250 na 650, kwa swali moja utakalochagua kati ya saba. Mwalimu wako amekushauri kwa nia njema, na kwa mtihani wa insha shuleni ushauri wake ni sahihi. Sote tulifundishwa hivyo: jogoo awike, ndege waimbe, jua lichomoze kwa madaha, methali ifungue na methali ifunge, na kila nomino ipewe kivumishi chake. Mtahini wa shule anapima umilisi wa lugha, na pambo ni ushahidi wa umilisi. Afisa wa udahili hapimi hilo. Alama za Kiingereza anazo tayari kwenye faili. Anaisoma insha yako kwa dakika chache, katikati ya rundo, akitafuta kitu ambacho hakimo kwenye alama wala kwenye fomu: huyu mtu akikutana na jambo, analifikiriaje? Pambo humzuia kuona hilo. Msamiati mzito humfanya ashuku kwamba mwandishi ni mtu mwingine.

Na umaskini? Sikwambii uufiche. Nakwambia kwamba tayari umeelezwa, kwa namba, kwenye fomu za msaada wa kifedha na kwenye sehemu inayouliza kazi za wazazi. Insha inayosema tulilala njaa, karo ilikosekana, nilitumwa nyumbani, nikavumilia, nikafaulu, ni ya kweli kwa maelfu ya waombaji wa Afrika, na kwa sababu hiyo haimtofautishi yeyote kati yao. Zaidi ya hapo, katika insha nyingi za namna hiyo mwandishi hafanyi kitu, anafanyiwa. Msomaji anamaliza akiwa na huruma na bila kujua lolote kuhusu akili ya huyo aliyemhurumia.

Sasa tazama sentensi ya mwisho ya swali lako, ile uliyoiandika kama udhuru. Unafunga daftari la madeni la mama yako kila usiku. Nina maswali kadhaa kuhusu daftari hilo. Nani anaruhusiwa kukopa na nani haruhusiwi, na mliamuaje? Mwalimu anayelipwa mwisho wa mwezi na mwendesha bodaboda anayelipwa kila siku wanakopeshwa sawa? Mtu asipolipa, unamwandikaje ili mama asigombane naye? Uliwahi kuweka kanuni ikashindwa, ukaibadilisha? Je, kuna mtu ulimnyima mkopo na hadi leo hujui kama ulitenda haki? Msichana anayejibu maswali hayo kwa ukweli, kwa sentensi za kawaida, anaonyesha mtu anayetazama, anayepima, anayejenga utaratibu na kuurekebisha, na umaskini utaonekana wenyewe bila kutajwa. Sisemi kwamba lazima uandike kuhusu daftari. Huenda una jambo jingine linalokukaa zaidi moyoni, na kama daftari hilo halikufikirishi, insha yake itakuwa kavu kama nyingine yoyote. Nasema utafute kitu cha ukubwa huo: kidogo, chako, chenye uamuzi ulioufanya mwenyewe.

Njia ya kuandika ambayo huwafaa wanafunzi wangu ni hii. Msimulie dada au rafiki kisa hicho kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, ukijirekodi kwa simu. Mwache akukatize na kukuuliza. Sikiliza, uandike yale aliyoyauliza, kwa sababu hapo ndipo msomaji naye atakapokuwa na kiu. Kisha andika kwa Kiingereza bila kuhesabu maneno. Rasimu ya kwanza itafika maneno elfu moja na itakuwa na utangulizi mrefu. Mara nyingi insha yenyewe huanzia aya ya pili au ya tatu, na yaliyotangulia hufutwa bila hasara. Iweke wiki nzima, uirudie. Wasomaji wawili wanatosha, mmoja anayekujua vizuri na mmoja asiyekujua. Muulize yule asiyekujua amejifunza nini kukuhusu; kama atasema tu kwamba una bidii, bado hujafika.

Kuhusu kuandikiwa, sheria iko wazi. Kwenye Common App unathibitisha kwamba kazi ni yako, na tangu mwaka 2023 kutuma maandishi ya msingi yaliyotungwa na programu ya akili mnemba kama yako kunahesabiwa kuwa udanganyifu. Unaweza kukataliwa, na nafasi inaweza kufutwa hata baada ya kukubaliwa. Sote tunajua kwamba wapo vijana wa mijini kwetu wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, na baadhi yao ni waandishi hodari kweli. Wakala wako huenda ana mmoja wao. Hodari au la, hajawahi kukaa usiku na daftari la mama yako, na atakuandikia ile insha ya umaskini. Tena anayedai anajuana na watu wa vyuo anauza kitu asichokuwa nacho. Usimwachie cheti chako halisi wala pasipoti, hata kwa siku moja.

Kuna sehemu mbili za maombi ambazo hukuziuliza nami siwezi kuziruka. Fomu ina nafasi kumi za shughuli zako nje ya darasa, na wanafunzi wa shule za kutwa huziacha tupu wakidhani zinawahusu wenye vilabu vya roboti na piano. Majukumu ya kifamilia na kazi ya kipato ni makundi rasmi ndani ya fomu hiyo. Kupika na kuuza kila asubuhi, kutunza hesabu, kuwasaidia wadogo zako masomo, yote yaandikwe, pamoja na saa kwa wiki. Sehemu ya pili ni barua za walimu. Walimu wetu wamezoea maneno ya cheti cha kumaliza shule, kwamba mwanafunzi ni mtiifu, mwenye nidhamu na anayeshirikiana na wenzake. Barua ya namna hiyo, kwa msomaji wa Marekani, ni kama haikuandikwa. Mwendee mwalimu wako wa hesabu au fizikia kwa heshima, mapema, na umkumbushe kisa kimoja au viwili vya darasani: swali ulilolibishia, mradi ulioufufua, mwenzako uliyemfundisha. Mwambie kwamba vyuo hivyo hutaka visa, na kwamba barua ndefu si kosa la adabu.

Pesa sasa, kwa uwazi. Mwaka mmoja katika chuo binafsi kikubwa cha Marekani, pamoja na malazi na chakula, unazidi dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10. Kukubaliwa bila ufadhili hakutakusaidia kitu. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown, huamua juu ya mwombaji wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hugharamia upungufu wote wa familia. Vingine vingi hugharamia upungufu wote kwa wale vinaowachukua, lakini uwezo wako wa kulipa huingia katika uamuzi wa kukuchukua. Vyuo vya umma kwa kawaida havina pesa za wageni. Berea, huko Kentucky, ni chuo kidogo kisichotoza ada ya masomo, na wanafunzi wake wote hufanya kazi chuoni. Kitazame, ingawa kwa uhandisi kamili hakitakufaa kama vingine. Orodha yako iwe na vyuo vinavyogharamia upungufu wote tu, na omba msamaha wa ada za maombi kupitia fomu yenyewe. Kumbuka pia kwamba Harvard hukubali takriban waombaji 4 kati ya kila 100. Wanaokataliwa wengi wao wangeweza kusoma pale vizuri kabisa.

Hiyo ndiyo sababu nafasi ya KUCCPS siichukulii kama kitu cha kutupa, na hapa sina jibu moja la kukupa. Maombi hufungwa kati ya Novemba na mwanzo wa Januari, majibu mengi hutoka Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Ukianza chuo hapa Septemba hii inayokuja, vyuo vingi vya Marekani vinaweza kukuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia badala ya mwombaji wa mwaka wa kwanza, na ufadhili kwa wanaohamia kutoka nje ni adimu. Ukikaa nyumbani mwaka mzima na Marekani ikakataa, umepoteza mwaka. Katikati kuna njia ya kukubali nafasi na kuomba kuahirisha, kama chuo chako kinaruhusu. Kwa hiyo ulizia mambo mawili kabla ya tarehe ya kuripoti: ofisi ya msajili ya chuo ulichopangiwa, kama unaweza kuahirisha kwa mwaka na kwa masharti gani; na vyuo vitatu au vinne vya juu kwenye orodha yako, kwa barua pepe, kama kuanza masomo hapa kutakuondoa kwenye kundi la mwaka wa kwanza. Kama kuahirisha hakuruhusiwi, na alama yako ya mazoezi haijavuka 1300 ifikapo mwisho wa Agosti, mimi ningeenda chuoni hapa, na Marekani ningeiwekea mpango wa shahada ya uzamili, ambako ufadhili wa uhandisi ni mpana zaidi. Mama yako naye ashirikishwe katika uamuzi huu, kwani mwaka wako nyumbani una maana kwa biashara yake pia.

Yapo mambo yanayohitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. EducationUSA ni huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani, ina washauri Nairobi chini ya ubalozi, na ushauri wake wa msingi ni bure. Waulize hasa kuhusu fomu za fedha, kama CSS Profile, ambazo huwachanganya watu wenye kipato kisicho na hati ya mshahara kama mama yako. KenSAP, mpango uliopo tangu 2004, huwachagua wanafunzi wachache wa Kenya waliofaulu sana KCSE na kuwaandaa kwa maombi haya. Uliza kama bado unastahili kwa mwaka wako. Ukikubaliwa, suala la viza lijadili nao na ubalozi, usilipeleke kwa wakala, maana masharti yake yamekuwa yakibadilika. Na ikiwa kusoma kwenye skrini kunakuletea maumivu ya kichwa au maandishi yanaruka, nenda hospitali ya kaunti upimwe macho kabla ya Septemba. Unapokwenda kwa mshauri, chukua nakala za ripoti zako za kidato cha kwanza hadi cha nne, matokeo ya KCSE, alama za mitihani miwili ya mazoezi na makisio ya mapato ya mama kwa mwezi, hata kama umeyapata kwa kujumlisha kurasa za daftari.